Pweza Ana Undugu Gani na Konokono?

Maji ya bamvua yakipwa hapa Mikindani, wanawake hushuka mikokoni na miambani na ndoo zao, na kabla maji hayajarudi ndoo moja huweza kuwa na tondo, chaza, kombe na, kwa mwenye chuma kizuri cha kuchokolea mashimo, pweza. Mpishi huona humo vitoweo vinne. Mimi niliyesomea viumbe wa baharini huona mwili mmoja ulioshonwa upya mara nne, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine na wanafunzi ni hili: pweza asiye na gamba, anayekimbia na kubadili rangi, anawezaje kuwa jamaa wa konokono?

Jibu limo katika joho, yaani ngozi laini inayofunika matumbo ya kila moluska, lile kundi la wanyama wenye mwili laini ambamo wamo konokono, chaza, kombe na pweza. Joho ndilo fundi wa gamba: hutoa protini, na juu ya protini hiyo hupanga fuwele za kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo madini ya mawe ya chokaa. Kwa kuwa kazi ya kurefusha gamba hufanyika ukingoni tu, gamba hukua pamoja na mwenyewe tangu utotoni, na konokono hawezi kulihama kama afanyavyo yule kaa anayeishi katika gamba la kuokota. Simbi hung'aa kana kwamba amepigwa msasa kwa sababu joho lake hutoka nje na kulifunika gamba lote pande mbili. Mguse, na joho hilo litajikunja na kurudi ndani.

Sasa mgeuzeni pweza. Ule mfuko tunaouita kichwa si kichwa hata kidogo, bali ni joho lenye misuli, na ndani yake mna matumbo, matamvua na mioyo 3 inayosukuma damu ya buluu, kwa kuwa damu hiyo hubeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma. Kichwa chenyewe ni pale penye macho, na mikono 8 pamoja na bomba la kurushia maji vilitokana na kiungo kile kile ambacho kwa konokono ni mguu wa kutambalia. Ngisi yuko katikati ya safari hiyo ya kupoteza gamba, kwani ukimpasua utakuta mgongoni kipande chembamba kinachopenya mwanga kama plastiki, ambacho ni gamba lililomezwa na joho na kupungua. Ule mfupa mweupe, mwepesi, unaookotwa ufukweni Msimbati nao si mfupa. Ni gamba la ndani la dome, jamaa wa ngisi, lenye vyumba vingi vidogo vinavyomsaidia kuelea.

Alama nyingine ya ukoo ni radula, ulimi mfano wa utepe wenye safu za meno madogo. Tondo mkubwa huitumia kukwangua majani ya mkoko yaliyoanguka, ilhali tondo mchanga, ambaye meno yake yana umbo jingine, hula mabaki yaliyomo topeni. Baadhi ya konokono wa miambani wenye gamba la umbo la pia wamegeuza jino la radula kuwa mshale wa sumu, na aina mojawapo imeshaua watu. Gamba zuri la namna hiyo lisiokotwe kwa mkono mtupu wala kutiwa mfukoni. Kombe na chaza hawana radula kabisa. Wao huchuja chakula majini kwa matamvua yao, jambo ambalo linanifanya nisite kula chaza waliobanduliwa karibu na mifereji ya maji machafu.

Jamaa anayewashangaza mafundi wa mashua ni yule anayeitwa mnyoo wa mbao. Si mnyoo. Ni ndugu wa kombe aliyerefuka, na vile vigamba 2 vidogo vilivyobaki kwenye ncha yake ya mbele huvitumia kama tupa ya kutobolea ubao. Deheni wanayopaka mafundi chini ya chombo huzuia watoto wake, ambao huelea baharini wakiwa wadogo mno kuonekana, wasipate pa kuingilia.

Anayetaka ushahidi kwamba jamaa za pweza walivaa gamba nje, asiende mbali na kwetu. Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, inajulikana kwa mifupa ya dinosaria iliyochimbwa na Wajerumani kuanzia 1909 hadi 1913, lakini tabaka zenye mifupa zimetenganishwa na tabaka za mchanga wa bahari ya kale, ambazo wanajiolojia walizipa majina ya moluska: moja ya konokono Nerinella, nyingine za kombe Trigonia. Ukoo wa Trigonia umebakiza wazao wachache tu walio hai, nao wako katika bahari ya Australia. Humo humo, katika mwamba wa miaka takriban milioni 150, wamepatikana amoniti, ambao ni wa kundi moja na pweza na ngisi, nao gamba lao lilijiviringa nje ya mwili kama la konokono.