Misuli Isiyowiana: Kwa Nini Kiuno cha Fundi Cherehani Kinakata

Fundi cherehani wa barazani, pale Moshi mjini, anakaa kwenye stuli tangu saa mbili asubuhi, miguu kwenye pedeli, shingo imeinamia sindano. Saa kumi jioni akinyanyuka, anashika kiuno kwa mikono miwili na kujinyoosha kidogo kidogo, kama kisu cha kukunja chenye kutu. "Kiuno kinakata," anasema. Mmoja atampa dawa ya kuchua, mwingine atamwambia pingili zimesagika. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, akimpima, huenda akamwambia neno asilowahi kulisikia: misuli yako haiwiani.

Hili neno fundi anaweza kulielewa kuliko wengi wetu. Uzi wa juu ukikaza kuliko wa bobini, mshono unajikunja, hata kama kitambaa ni kizuri na sindano ni mpya. Kiungo nacho kinavutwa na misuli ya pande mbili au zaidi. Upande mmoja ukifupika na kukaza, na wa pili ukilegea au ukachelewa kufanya kazi, kiungo hakikai tena pale panapokipa nafuu. Ndiyo maana ya kutowiana. Haihusu ukubwa wa misuli. Mbeba mizigo mwenye mapaja kama magogo anaweza kuwa nayo.

Kwa mtu wa kukaa, mhusika mkuu ni msuli uliojificha: unaanzia kwenye pingili za kiuno, unapita ndani ya nyonga, unashika juu ya mfupa wa paja. Ukikaa unakuwa umefupika. Ukisimama baada ya kukaa kwa muda wa saa nane, msuli huo unagoma kurefuka, kwa hiyo unavuta kiuno mbele na mgongo wa chini unabinuka. Makalio, ambayo kazi yake ni kuvuta upande wa pili, yamekaliwa siku nzima.

Vladimir Janda, daktari wa Prague aliyeishi kati ya 1928 na 2002, aliona kwamba mambo haya yana mpangilio. Mbele ya nyonga na kiunoni kunakaza. Tumbo na makalio vinalegea. Ukiunganisha panapokaza kwa mstari mmoja na panapolegea kwa mwingine, mistari inakatana kama alama ya X. Aliona X nyingine juu: kifua na nyuma ya shingo kukaza, huku mbele ya shingo na katikati ya mabega kukilegea. Fundi wetu anazo zote mbili.

Kipimo kimoja hakihitaji mashine. Mgonjwa anakaa ukingoni mwa kitanda, analala chali, anakumbatia goti moja kifuani na kuuachia mguu wa pili uning'inie. Paja likitua kitandani, sawa. Likibaki hewani, msuli wa mbele ya nyonga umefupika.

Sasa wengi hukosea hapa: wanajinyoosha tu. Kunyoosha kunaleta nafuu ya saa chache, kisha mtu anarudi kwenye stuli. Panapokaza panyooshwe, lakini panapolegea papewe kazi. Zoezi la daraja linatosha kuanzia: lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, bana makalio, inua kiuno, hesabu hadi 5, shuka polepole. Ukiona mara 10 zinapita bila jasho, ongeza. Baadaye inua kwa mguu mmoja. Msuli usioongezewa kazi hauna sababu ya kukua, na mabadiliko ya kweli huchukua wiki 6 hadi 12, siyo siku tatu. Maumivu kidogo wakati wa zoezi, tuseme 3 kati ya 10, yanavumilika. Yakiwa bado yamepanda kesho yake asubuhi, ulizidisha, punguza, usiache.

Mkanda wa kiuno mimi siupendi kwa mtu wa kukaa. Unafanya kazi ambayo tumbo lilipaswa kujifunza.

Niseme na hili, kwa sababu dhana hii imekuzwa mno: kupinda siyo ugonjwa. Wapo watu waliobinuka kiuno na hawajawahi kuumwa, na wapo walionyooka kama rula wanaolala wakiugulia. Kutowiana ni sababu mojawapo tu, pamoja na usingizi mbovu, mawazo, na kukaa bila kunyanyuka. Kwa hiyo kusimama kila baada ya suruali moja kunaweza kumsaidia fundi kuliko kuhangaikia namna ya kukaa.

Na kuna mgongo usiotibiwa kwa mkeka. Mkojo au choo kikianza kutoka bila mtu kujua, ganzi ikishika kati ya mapaja, kwenye sehemu za siri, mguu ukizidi kukosa nguvu, au maumivu yakaja baada ya kuanguka, asipewe zoezi lolote; aende KCMC, hospitali kubwa ya Moshi, au hospitali yoyote iliyo karibu siku hiyo hiyo. Mwenye homa, jasho la usiku na kupungua mwili naye asikae nyumbani akichuliwa, maana kifua kikuu kinaweza kuingia hata kwenye pingili.