Meja, maina na tarehe ya mwisho: wahadhiri wanabishia nini hasa?

Matokeo ya form six yakitoka tu, ofisi yetu ya udahili hapa Moshi inajaa wazazi, wa Rombo, wa Marangu, mpaka wa Usa River, na siku hizi wapo wenye watoto waliopata vyuo vya Marekani wanaouliza mbona barua inasema mtoto hajachagua meja, ina maana hajapata kozi? Jamani kapata. Kwetu unadahiliwa moja kwa moja kwenye programu, mfano ualimu wa Historia na Kiswahili, ila kule vyuo vingi vinakupokea kwanza, meja (somo lako kuu) unaitangaza baadaye, mara nyingi kabla mwaka wa pili haujaisha. Maina ni somo la pembeni, kozi tano sita hivi.

Halafu msichanganye krediti (kipimo cha uzito wa masomo). Kwetu krediti moja ni masaa 10 ya kusoma na digrii ya miaka mitatu inadai 360, kule digrii nzima ya miaka minne kwa kawaida ni 120, kwa hiyo mtoto akisema ana 60 ujue yuko katikati, hajafeli.

Na hapo kwenye 60 ndo ugomvi ulipo. Vyuo kadhaa vya kule Marekani vina sheria kwamba ukifika hapo hujatangaza meja, usajili wa semesta inayofuata unafungwa mpaka utangaze, na wahadhiri wengi hawaipendi. Wanasema mwanafunzi aliyebanwa anaandika chochote ili afunguliwe, mwaka unaofuata anahama. Nguo yenyewe pale soko la mitumba la Memorial huchagui vizuri ukiwa umeshikiwa saa, sembuse kazi ya maisha.

Ila hoja yao iliyonigusa zaidi ni nyingine. Kuna masomo ambayo mtoto hakuwahi kuyaona sekondari, isimu, anthropolojia, jiolojia, filosofia, mengi watu wanayagundua kwa bahati wakishaingia darasani, sasa ukimlazimisha mtu achague mapema atachagua anayoyajua tayari, biashara, kompyuta, uuguzi, na idara ndogo inakosa wanafunzi, halafu utawala unaihesabu vichwa unasema haina wateja, bajeti ikatwe! Mwanafunzi wa maina mara nyingi kwenye hesabu hiyo haonekani kabisa, wakati mwalimu amemfundisha na kumsahihishia kama wenzake. Hapo kweli walimu wanatetea taaluma, japo wanatetea na ajira zao pia, kila mwamba ngozi huvutia kwake.

Kuna na suala la nani mwenye mamlaka. Chama cha maprofesa wa Marekani, AAUP, kwenye tamko lake la 1966 kilisema mitaala ni jukumu la msingi la walimu, kwa hiyo sheria ya meja ikishuka kutoka utawala bila kupita kwao wanaona wamegeuzwa mhuri, wakati ushauri wenyewe ni wao wanaoutoa. Kwetu mambo ya taaluma yanapita seneti ya chuo, na mabishano ya humo si madogo.

Utawala nao usiwasingizie ubaya mtupu. Mkopo na ruzuku za serikali ya Marekani zina kikomo, ukishajisajili kwa krediti zinazozidi asilimia 150 ya urefu wa programu msaada unakatika, yaani kwa digrii ya 120 mwisho ni 180, sasa mtoto anayezurura kozi hadi kozi anaweza kujikuta hana hela na digrii hana. Na uhandisi au uuguzi usisubiri huo mwaka wa pili, kozi zake zinajengana moja juu ya nyingine, ukikosa hesabu ya semesta ya kwanza unaweza kuchelewa mwaka.

Kwa wanaobaki hapa nyumbani, uamuzi unafanyika kabla hujakanyaga chuo, na kwa kiasi kikubwa ulishafanyika form five ulipopangiwa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) au HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza). Kuhama programu inawezekana ila lazima uwe na sifa za kule unakoenda, kuwe na nafasi, na uombe ndani ya muda uliotangazwa chini ya utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), ukichelewa hata ulie hakuna. Kama una mkopo hakikisha Bodi ya Mikopo wana taarifa ya kozi mpya, usikae unasubiri bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) wakati jina lako bado liko kozi ya zamani. Na kabla hujasaini hiyo fomu nenda kakae kwenye lekcha mbili tatu za huko unakotaka kuhamia, omba tu mhadhiri ruhusa, wengi hawakatai.