Je, wajua kwa nini seva hulaumu kifaa kisicho kibovu?

Ndani ya kila seva ya ofisi kubwa mna kompyuta ya pili, ndogo, iliyochomelewa kwenye bodi. Dell huiita iDRAC, HPE huiita iLO. Ina prosesa yake na mlango wake wa mtandao, na hufanya kazi hata seva ikiwa imezimwa, mradi waya wa stima umechomekwa. Hiyo ndiyo husoma vihisi vya joto, volti na mwendo wa feni, kisha kuandika kwenye daftari la matukio. Lakini kihisi hakijui kilichoharibika. Kinajua tu kwamba namba fulani imevuka mpaka. Daftari hilo ni kama OB ya kituo cha polisi: limeandika aliyetajwa, si aliyepatikana na hatia.

Nairobi, anayesingiziwa zaidi ni pawa saplai. Seva huwa nazo mbili, kila moja ikitakiwa kupata umeme kwa njia yake. Swichi ikiruka kwenye ubao, fezi moja ikipotea, au UPS (betri ya akiba) ikizidiwa kabla jenereta haijawaka, saplai moja hukosa umeme na seva hutangaza imebaki na moja. Mtu akiona taa ya chungwa anaagiza saplai mpya, anaifunga, na taa haiondoki. Kabla ya kutoa pesa, tumia amri ipmitool sel elist usome maneno yenyewe ya daftari. "AC lost" ni kwamba umeme haukufika. "Failure detected" ndiyo inayoshtaki saplai.

Kisha pima njia, usipime kifaa. Lete waya wa tatu kutoka soketi unayojua ina stima, uuchomeke kwenye saplai iliyotajwa. Ikiamka, kosa liko ukutani au kwenye UPS. Usibadilishane nyaya mbili zilizopo seva ikiwa kazini: ukichomoa ule ulio hai, umezima kila kitu, na simu zitaanza kulia kabla hujainuka.

Linganisha na saa pia. Saa ya daftari mara nyingi imewekwa kwa UTC, ambayo iko saa 3 nyuma ya Nairobi. Tukio lililoandikwa 03:10 lilitokea saa 12:10 asubuhi, pengine dakika ileile jenereta ya jengo ilipopokea mzigo. Ukiona mwaka 1970, saa ilipotea: chunguza betri ya CR2032 ya volti 3 kwenye bodi, ambayo kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, huikosi.

RAM ndiyo yenye hila zaidi. RAM za seva zina ECC, yaani biti moja ikikosea hurekebishwa kimyakimya na kuhesabiwa. Hesabu ikipita kiwango, seva hutaja nafasi, tuseme A3. Ila kinachosimamia RAM kiko ndani ya prosesa, kwa hiyo kosa la A3 laweza kutoka kwenye kipande cha RAM, kwenye nafasi yake, au chini ya prosesa. Soketi ya SP3, yaani kiti cha prosesa za seva za AMD, ina ncha 4,094. Moja ikipinda, au skrubu zikikazwa bila kufuata mpangilio, mkondo mzima wa RAM (njia inayounganisha nafasi kadhaa na prosesa) hutoweka huku kipande kikiwa salama kabisa.

Zima seva, chomoa nyaya zote mbili, hamisha kipande cha A3 hadi mkondo mwingine kwa kubadilishana na cha ukubwa uleule. Nakili daftari, lifute, kisha ipe seva kazi nzito. Kosa likimfuata yule aliyehama, agiza RAM. Likibaki A3, kagua nafasi na soketi. Likitoweka kabisa, huenda kukitoa na kukirudisha ndiko kulikosafisha miguso, basi liangalie kwa siku kadhaa kabla ya kutangaza ushindi. Na wale wanaosugua miguso kwa kifutio cha penseli waache: kinachubua dhahabu. Tumia alkoholi ya isopropili.

Kwa diski, kanuni ni fupi: diski mbili za kizimba kimoja (fremu inayoshika diski) zikianguka ndani ya dakika moja, shuku kebo, bodi ya nyuma ya kizimba au umeme wake. Kwenye diski za SATA, kipengele namba 199 cha SMART (ripoti ya afya ya diski), kinachohesabu makosa ya mawasiliano, kikipanda huku namba 5 na 197, zinazohesabu sehemu mbovu za diski, zikiwa sifuri, tatizo huwa ni mawasiliano, na kebo ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Kontrola, yaani kadi inayosimamia diski, ikisema diski ni "Foreign" (ngeni), usikubali kufuta. Hapo unafuta ramani ya data.

Joto nalo lina habari ya hapa kwetu. Seva za kundi la A2 la ASHRAE, chama cha wahandisi wa hewa na upoozaji, huruhusiwa kuvuta hewa ya hadi nyuzi 35, lakini kiwango hicho hushuka nyuzi 1 kwa kila mita 300 juu ya mita 900. Nairobi iko karibu mita 1,800, hivyo mpaka halisi ni kama nyuzi 32. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo, ndiyo maana feni hukimbia sana bila kuwa mbovu. Hakikisha pia vibao vya kuziba nafasi tupu, vinavyoelekeza hewa, havijatupwa.

Yote yakishindikana, huenda kompyuta ndogo yenyewe imeganda. Amri ipmitool mc reset cold huiwasha upya bila kuzima seva, ingawa feni zinaweza kunguruma kwa muda. Isipotii, kuzima seva pekee hakusaidii, maana bado inanyonya umeme wa akiba. Zima seva, chomoa nyaya zote, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 20, rudisha nyaya, na usiwashe seva kwanza: ipe dakika mbili imalize kuamka.