Je, wajua kwa nini mtoto hurudi kwenye moja anapojumlisha tano na tatu?

Mketishe mtoto wa miaka sita mkekani, barazani kwa bibi yake huko Pasua, Moshi, umpe vizibo vitano vya soda na kumwambia avihesabu. Atavihesabu vizuri, kimoja kimoja, mpaka vitano. Kisha mwongezee vitatu na umuulize vyote vimekuwa vingapi. Mara nyingi atarudi kwenye kizibo cha kwanza kabisa, akiguse kwa kidole na kuanza upya: kimoja, viwili, vitatu, mpaka afike vinane. Mtu mzima aliyeketi pembeni hushangaa kwa nini mtoto ambaye ametoka kusema vitano sasa hivi hakuanzia hapo. Wengine humkaripia kwamba ni mzito, na huko ni kumwonea, kwa sababu karibu kila anayejifunza kujumlisha hupita njia hiyo.

Kwake yeye, tano bado ni neno linalotamkwa kidole kinapogusa kizibo cha mwisho. Ili aanzie hapo, inambidi ashike mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba tano ni fungu zima lililokwisha kuhesabiwa na ambalo halijabadilika, na kwamba tano hiyo hiyo ni kituo katika mfuatano wa namba, mahali ambapo mtu anaweza kuanzia safari nyingine. Juu ya hayo lipo jambo la tatu, nalo ndilo gumu zaidi. Anaposema sita, saba, nane, inampasa akumbuke kwamba sita ni hatua ya kwanza, saba ya pili na nane ya tatu; yaani anahesabu namba huku akihesabu hatua zake mwenyewe. Ndiyo maana vidole vinamfaa sana katika umri huu, na anayemkataza kuvitumia humwondolea kitu kinachomkumbusha amefika wapi.

Hapo hutokea kosa moja linalojirudia mno. Mtoto ameshaelewa kwamba aanzie tano, anakunjua vidole vitatu kimoja baada ya kingine huku akisema “tano, sita, saba”, kisha anajibu kwamba ni saba. Hakubahatisha. Amekihesabu kizibo cha tano mara mbili, kwanza kikiwa ndani ya fungu la mwanzo, kisha kikiwa cha kwanza katika vile vilivyoongezwa. Badala ya kumwekea alama ya kosa na kupita, mpeleke kwenye ngazi. Akiwa amesimama kwenye kipandio cha tano, mwambie apande vitatu zaidi, naye ataona mwenyewe kwamba hatua ya kwanza ni pale mguu unapokanyaga kipandio cha sita.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya kopo. Mtoto akishahesabu vizibo vitano, vifunike kwa kopo mbele ya macho yake, uandike 5 kwa chaki ubavuni mwa kopo, kisha upange vile vitatu kando yake. Sasa hawezi kuvigusa vile vitano hata akitaka. Siku za kwanza atagonga kopo mara tano kwa kidole kana kwamba anaviona vizibo vilivyo ndani, na aachwe agonge. Akizoea, utamwona anaweka kiganja juu ya kopo, anasema “tano” kwa kuivuta kidogo, kisha anaendelea, “sita, saba, nane.” Mvuto huo mdogo wa sauti ndio kazi yote ya kujumlisha, na mwalimu makini huusubiri.

Jicho nalo lina msaada wake. Katika soko la Mbuyuni nyanya hupangwa kwa mafungu, na fungu la nyanya nne, tatu chini na moja juu, hulihitaji kulihesabu. Unaliona tu kwamba ni nne. Uwezo huo wa kutambua idadi kwa kutazama huishia kwenye vitu vitatu au vinne, na zaidi ya hapo watu wengi hulazimika kuhesabu au kugawa fungu machoni. Kwa hiyo mazoezi ya mwanzo yaanze na mafungu ya mbili, tatu na nne, ambayo mtoto huyaona mara moja.

Tusisahau lugha. Mtoto anaimba moja, mbili, tatu, lakini akigusa vizibo inambidi aseme kimoja, viwili, vitatu, ilhali sita, saba na tisa hazibadiliki hata kidogo, kwa kuwa zilitoka Kiarabu. Kwa anayeanza, mbili na viwili zinaweza kusikika kama vitu tofauti, hivyo inafaa kumsomesha yote mawili: vizibo viwili na vizibo vitatu ni vizibo vitano, mbili jumlisha tatu ni tano.

Kwa upande mwingine Kiswahili kinampa zawadi kubwa anapovuka kumi. Chukua trei la mayai la karatasi, lile la mayai 30, ulikate ubaki na safu mbili zenye vishimo vitano vitano. Umwambie ajumlishe nane na tano. Anajaza vishimo vinane, anaona viwili vimebaki wazi, anachukua vizibo viwili kutoka kwenye vile vitano na kuvijaza. Trei limejaa kumi, na mkekani vimesalia vitatu. Muulize ana vingapi, naye atatazama trei, atatazama mkeka, na kusoma alichokiona: kumi na vitatu.