Zulia jekundu linavyofanya kazi: tunayoyaamini Nairobi, na yalivyo kweli

Kila mwezi wa Mei picha za tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, zikianza kumiminika kwenye simu, Nairobi nayo huwa na la kusema. Gauni la nani limeburuta, nani kaharakishwa na mlinzi, nani kaheshimiwa na nani kadharauliwa. Gumzo hilo nalipenda. Sinema isiyozungumzwa hufa. Kinachonisumbua ni kwamba maneno hayohayo ndiyo yanayowaandaa vijana wetu wanaotengeneza filamu, na siku mwaliko ukifika wanasafiri na picha isiyo sahihi kichwani. Na mialiko inafika. Pumzi ya Wanuri Kahiu ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance, Marekani, mwaka 2010. Kati Kati ya Mbithi Masya ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa kule Toronto mwaka 2016. Supa Modo ya Likarion Wainaina ilienda Berlin mwaka 2018, na Softie ya Sam Soko ikatunukiwa kwa uhariri wake Sundance mwaka 2020. Mambo haya yanatuhusu, kwa hiyo tuyajue yalivyo.

"Ukialikwa, wenyeji wanagharamia kila kitu"

Dhana hii ndiyo inayoumiza watu zaidi, na nitakaa nayo kidogo.

Tamasha kubwa lina wageni wa ngazi nyingi. Majaji huhudumiwa na tamasha lenyewe, maana wapo kazini tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Lupita Nyong'o alipoongoza jopo la majaji la Berlin mwaka 2024, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo, alikuwa mgeni wa ngazi hiyo. Mwongozaji ambaye filamu yake imeteuliwa kwa kawaida hupewa malazi ya siku chache, na nauli ikiwezekana. Waigizaji wake, mpigapicha wake na mhariri wake mara nyingi hawamo kabisa kwenye hesabu.

Ufahari tunaouona kwenye picha una mlipaji mwingine. Kampuni inayosambaza filamu ndiyo inayogharamia magari, wapambaji, wasemaji na vyumba vya mahojiano, kwa sababu ina bidhaa ya kuuza. Nyumba za mitindo huazimisha magauni. Mkufu ule unaometameta nao ni wa kuazima. Huja na mtu wa kuulinda, na mara nyingi hurudishwa usiku uleule. Mwaka 2013, tamasha likiendelea, vito vya Chopard, kampuni inayotengeneza Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, viliibwa hotelini mjini Cannes. Havikuwa chumbani mwa staa yeyote. Vilikuwa chumbani mwa mfanyakazi wa kampuni.

Msanii wa Nairobi asiye na kampuni nyuma yake hujibebea mzigo huo mwenyewe. Nywele zimesukwa Kenyatta Market siku mbili kabla ya safari, gauni limeshonwa na fundi anayemwamini, na msemaji wake ni rafiki aliyekubali kujibu simu. Kazi safi kabisa inaweza kutoka hapo. Linaloniuma ni mtu kufika ugenini ndipo agundue kwamba hoteli ni ya siku tatu na tamasha ni la siku kumi. Malezi yetu yanasema mgeni haulizi gharama za mwenyeji, naye mwenyeji haanzi kuzitaja. Kwa waandaaji wa matamasha maswali hayo ni ya kila siku na kuna mtu ameajiriwa kuyajibu: nauli ni ya nani, vyumba vingapi, siku ngapi, mwenzangu atalala wapi, nani atanipokea uwanja wa ndege. Uliza mapema, na majibu yawe kwa maandishi.

"Mastaa wa kule wanaringa, hawasimami hata kusalimia"

Ukitazama filamu hapa kwetu, kwenye kumbi za Unseen au Prestige, mwongozaji utampata mlangoni ukamshika mkono na kumwambia kilichokugusa. Tunaichukua hali hiyo kuwa kipimo cha utu, kisha tunampima nacho mtu anayepanda ngazi 24 za ukumbi wa Cannes akiwa na dakika chache mkononi.

Jioni ya onyesho la kwanza inakwenda kama msafara wa harusi: gari moja likichelewa, ukumbi mzima unangoja. Kila kundi la filamu lina zamu yake ya kushuka garini, kusimama mbele ya wapigapicha, kupanda ngazi na kuingia. Ndani kuna watu zaidi ya 2,000 wameshaketi, na baada ya onyesho hilo mara nyingi kuna jingine. Mwaka 2018 mkurugenzi wa Cannes, Thierry Frémaux, alipiga marufuku selfi kwenye zulia, akilalamika kwamba zinachelewesha watu na kuharibu shughuli. Mahojiano nayo hufanyika kwa zamu kwenye vyumba vya hoteli, mwandishi mmoja dakika chache, kisha anaingia mwingine. Anayesema "muda umekwisha" ni msemaji aliyelipwa kusema hivyo.

Tena matamasha hayafanani. Cannes ni soko la watu wa sinema. Bila beji huingii sehemu kubwa ya maonyesho. Ndiyo maana kuna mashabiki wanaofunga ngazi zao za kupandia kwenye vizuizi mkabala na ukumbi wakingoja kuona nyuso, na wengine husimama barabarani wamevaa vizuri, wameshika kibao cha kuomba tiketi. Walioachiwa mlango ni pamoja na vijana wa miaka 18 hadi 28, ambao wana pasi yao ya siku tatu, na wenyeji wanaoonyeshwa filamu bure ufukweni usiku. Berlin ni kinyume: huuza tiketi zaidi ya 300,000 kwa watu wa kawaida, na baada ya filamu watazamaji huuliza maswali. Toronto tuzo yake inayotajwa zaidi hupigiwa kura na watazamaji. Staa yuleyule utakayemwona mkavu Cannes mwezi Mei, Toronto mwezi Septemba unaweza kumkuta jukwaani akijibu maswali ya mwanafunzi.

"Mabaunsa wote wale ni wa kumlinda staa"

Mlinzi binafsi wa staa, akiwepo, ni mmoja kati ya wengi. Kuna polisi wa serikali nje, kampuni ya ulinzi milangoni, na wahudumu wa ukumbi wanaosukuma msafara usonge. Kila kundi lina bosi wake. Mhudumu wa zulia hana habari na jina lako; kazi yake ni zulia liwe tupu kabla ya gari linalofuata.

Na wana sababu ya kuwa wakali. Mwaka 2013 mtu alifyatua risasi baridi karibu na jukwaa la televisheni pale Cannes wakati Christoph Waltz na Daniel Auteuil, waliokuwa majaji, wakihojiwa moja kwa moja, watu walikimbia. Mwaka 2014 mwanamume mmoja alijipenyeza chini ya gauni la mwigizaji America Ferrera palepale kwenye zulia. Julai 2016 lori liliendeshwa kwenye umati wa watu mjini Nice, karibu kilomita 30 kutoka Cannes, na watu 86 wakapoteza maisha. Tamasha lililofuata, mwaka 2017, barabara ya ufukweni ilikuwa na vyungu vikubwa vya maua vya zege. Vinapendeza, lakini viliwekwa kuzuia magari.

Sisi hatuhitaji kuelezwa sana. Baada ya mashambulizi ya Westgate mwaka 2013 na DusitD2 mwaka 2019, mtoto wa Nairobi amekua akiona kioo kikipitishwa chini ya gari na mkoba ukifunguliwa mlangoni mwa duka la mkate. Ndiyo sababu sipendi kusikia Mkenya akisema matamasha ya Afrika ni ya kujiendea tu, hayana ulinzi wa maana. Tarehe 24 Novemba 2015 bomu lililipua basi la walinzi wa rais mjini Tunis, katikati ya tamasha la Carthage, tamasha lililoanza mwaka 1966. Maonyesho yaliendelea na watu walikwenda. Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso, ilishambuliwa Januari 2016, na mwaka uliofuata tamasha la filamu la FESPACO, linalofanyika pale tangu 1969, likafanyika kama kawaida. Mwaka 2022 nchi ile ilipitia mapinduzi mawili. Mwaka 2023 tamasha likafanyika tena. Watazamaji walikaguliwa, wakaketi, wakatazama filamu. Ningependa mambo haya yazungumzwe hapa kwetu angalau nusu ya yanavyozungumzwa magauni.

"Ubaguzi ni maneno ya watu wanaotafuta huruma"

Hapa naomba tusikimbilie upande wowote. Kanuni ya kusonga haraka ipo na inamhusu kila mtu. Lakini mwaka 2024 mwimbaji wa Marekani Kelly Rowland alipoonekana kwenye video akibishana na mhudumu aliyekuwa akimharakisha kwenye ngazi za Cannes, alieleza baadaye kwamba ana mipaka yake, na kwamba wanawake wengine wasiofanana naye hawakufanyiwa vile. Siku zilizofuata zikatoka video za mhudumu huyohuyo na Massiel Taveras wa Jamhuri ya Dominika, kisha Yoona wa Korea Kusini. Kanuni moja inaweza kutekelezwa kwa mikono tofauti, na mimi naamini anayesema ameumia asikilizwe kabla ya kuambiwa hakuelewa utaratibu.

Upangaji wa watu upo hata pasipo suala la rangi ya ngozi. Kwa miaka mingi waandishi wa habari wa Cannes wamegawanywa kwa rangi ya beji: nyeupe ndiyo ya juu, halafu waridi yenye nukta, waridi, bluu, na njano chini kabisa. Mwenye njano huwapisha wote. Mwandishi kutoka Nairobi anayekwenda mara ya kwanza ajiandae kwa hilo asije akadhani ametengwa peke yake.

"Bila visigino virefu hupiti"

Hupiti kwa raba. Mwaka 2015 zilienea habari za wanawake waliorudishwa kwa sababu ya viatu bapa, waandaaji wakakana kwamba kuna kanuni hiyo. Mwaka uliofuata Julia Roberts alipanda ngazi miguu mitupu, na mwaka 2018 Kristen Stewart alivua viatu vyake palepale kwenye zulia. Kanuni za sasa zinaruhusu viatu nadhifu, virefu au bapa. Tangu mwaka 2025 zinakataza uchi na magauni yenye mkia mpana unaozuia wengine. Na mavazi rasmi yanatakiwa kwenye maonyesho makubwa ya jioni tu. Mchana watu huvaa watakavyo.

Kwingine hali ya hewa na wenyeji ndio wanaoamua. Berlin ni Februari, ukiwa na gauni la mabega wazi utatetemeka. Zanzibar, ambako tamasha la ZIFF limekuwa likionyesha filamu Ngome Kongwe tangu 1998, ukitoka tu nje ya ngome uko mtaani kwa watu, kuna wazee barazani na watoto wanaotoka madrasa. Jistiri. Hakuna atakayekusomea kanuni, watakutazama tu.

"Wakizomea, filamu imekwisha"

Watazamaji wetu hushangilia, hujibizana na mhusika, hata kumwonya kuwa adui yuko nyuma ya mlango. Cannes watu huzomea kwa sauti, na pia husimama wakapiga makofi huku saa ikihesabu. Hakuna kati ya hayo linalotabiri tuzo. L'Avventura ilizomewa mwaka 1960 ikaondoka na tuzo ya majaji. Pan's Labyrinth ilipigiwa makofi dakika 22 mwaka 2006 ikaondoka mikono mitupu. Na Japani ukikuta ukumbi kimya mpaka jina la mwisho lipite kwenye skrini, hapo umeheshimiwa.

"Ukipokelewa nje, nyumbani watakukubali"

Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku na KFCB, bodi ya kuainisha filamu Kenya, Aprili 2018. Mwezi uliofuata ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika programu rasmi ya Cannes. Tamasha halina mamlaka yoyote juu ya sheria za nchi yako, na makofi ya kule hayakubadilisha uamuzi wa hapa. Kilichobadilisha, kwa siku saba tu mwezi Septemba, ni Mahakama Kuu, na kumbi za Nairobi zikajaa. Mwaka 2019 Samantha Mugatsia alichaguliwa mwigizaji bora wa kike FESPACO kwa filamu hiyohiyo.

"Barua ya mwaliko ni viza"

Barua ni karatasi moja kati ya nyingi. Anayeamua ni ubalozi, na ubalozi unataka taarifa za benki, bima ya safari ya angalau euro 30,000, tiketi, na ushahidi kwamba utarudi. Ada ya viza ya Schengen, inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Jibu kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika 45. Sasa piga hesabu: Cannes kwa kawaida hutangaza filamu zake katikati ya Aprili na kufungua pazia katikati ya Mei. Siku 45 hazimo.

Kwa hiyo waambie waandaaji mapema, kabla hata ya tangazo, kwamba unaomba viza kutoka Nairobi. Barua yao itaje jina la filamu, tarehe za maonyesho, wadhifa wako, na nani analipa nini. Pasi yako ya kusafiria iwe imebakiza zaidi ya miezi mitatu baada ya tarehe ya kurudi. Na kama mwigizaji wako mkuu anasafiri nawe, aombewe barua yake mwenyewe yenye jina lake.