Sanamu ya jenerali aliyeshindwa

Mpwa wangu wa Tanga, yuko kidato cha tatu, alinipigia simu siku moja akiwa na swali la somo la historia. "Shikamoo mjomba. Huyu Jenerali Lee si ndiye aliyeshindwa vita? Sasa aliyeshindwa anajengewaje sanamu?"

Nafundisha historia ya Marekani hapa Virginia, na mjadala wa sanamu hizi za viongozi wa Kusini, zibaki au ziondolewe, nimeukuta darasani, msikitini, hata kwa kinyozi. Sijasikia aliyeuliza kwa uwazi kama mtoto yule. Kwenye simu nilimpa jibu fupi ambalo mimi mwenyewe halikuniridhisha. Hili ndilo refu.

Kati ya Desemba 1860 na katikati ya 1861, majimbo 11 ya Kusini yalijitoa katika Marekani yakaunda nchi yao, Konfederasi, ambayo baada ya miezi michache ilihamishia makao yake makuu hapa Richmond, mji mkuu wa Virginia. Vita na Kaskazini vikazuka. Leo utaambiwa walikuwa wakipigania haki za majimbo. Wenyewe hawakuzunguka hivyo. Tamko la Mississippi la kujitenga linasema mapema kabisa kwamba msimamo wao umefungamana na utumwa. Alexander Stephens, makamu wa rais wao, alihutubia Savannah Machi 1861 akasema serikali yao imejengwa juu ya msingi kwamba mtu mweusi si sawa na mzungu, na kwamba utumwa ndio hali yake ya asili. Katiba yao ikapiga marufuku sheria yoyote ya kuwanyang'anya mabwana "mali" yao ya watu. Watumwa wakati huo walikaribia milioni 4. Tarehe 9 Aprili 1865, Robert E. Lee, jenerali mkuu wa Konfederasi, akasalimu amri kule Appomattox.

Sanamu yake hapa Richmond ilizinduliwa tarehe 29 Mei 1890.

Wanafunzi wangu huwa nawaambia wasome sanamu kuanzia chini. Huko juu, kwenye uso wa shaba, utaona alichokitaka mchongaji. Huku chini utakuta mwaka, na ukiufuata mwaka huo kwenye nyaraka utajua siku ile nani alikuwa na kura na nani hakuwa nayo. Mimi nimeukubali huu kuwa ndio ufunguo wa mjadala mzima. Tabia za Lee, kama alikuwa mpole au mkali, mcha Mungu au la, tunaweza kubishana hadi asubuhi bila kufika popote.

Basi tuufuate huo mwaka 1890. Lee alipanda farasi wake wa shaba juu ya jiwe, jumla yake karibu mita 18 kwenda juu, mbele ya umati unaokadiriwa kuzidi watu 100,000. Katika baraza la jiji kulikuwa bado na madiwani weusi wachache. Mmoja wao ni John Mitchell Mdogo, aliyezaliwa utumwani wakati wa vita, mhariri wa gazeti la watu weusi liitwalo Richmond Planet. Kurasa zake zimehifadhiwa na ukizisoma wiki zile za Mei na Juni unaona mtu anayejua kura yake haitoshi kuzuia lolote, ila kalamu anayo. Aliandika kwamba mtu mweusi ndiye aliyefanya kazi ya kuisimamisha sanamu ya Lee, na wakati ukifika atakuwepo kuishusha. Nimeisoma sentensi ile mara nyingi na bado inanisisimua.

Baada ya hapo mlango ukafungwa. Mwaka 1901 Virginia iliitisha mkutano wa kuandika katiba mpya ya jimbo. Mjumbe Carter Glass alipoulizwa kama huo si ubaguzi, alijibu kwamba ubaguzi ndicho hasa walichokusudia, na ndiyo sababu mkutano ukachaguliwa. Ikaja kodi ya kupiga kura, dola 1.50 kwa mwaka, nawe uwe umelipa ya miaka mitatu mfululizo miezi kadhaa kabla ya uchaguzi. Likaja sharti la kuifafanua katiba mbele ya msajili mzungu hadi aridhike. Katiba hiyo ya 1902 haikupelekwa hata kwa wananchi waipigie kura. Ilitangazwa tu. Wapiga kura weusi walifutwa kwa maelfu, na maskini wengi weupe nao wakapotea humo humo. Baraza la jiji la Richmond halikumwona tena diwani mweusi hadi Oliver Hill alipochaguliwa mwaka 1948.

Sasa tembea Barabara ya Minara, Monument Avenue, ukiwa na tarehe hizo kichwani. Jenerali J.E.B. Stuart na Jefferson Davis, rais wa Konfederasi, 1907. Jenerali Stonewall Jackson, 1919. Matthew Maury, ofisa wao wa majini, 1929. Wote wanne walisimamishwa katika jiji ambalo sehemu kubwa ya wakazi wake ilikuwa imenyimwa sauti kwa maandishi. Kote Kusini mambo yalikwenda hivyo, kwa bidii kubwa ya chama cha akina mama kiitwacho Mabinti wa Konfederasi, kilichoanzishwa 1894, ambacho kilichangisha fedha za sanamu na pia kukagua vitabu vya shule ili watoto wafundishwe kwamba Kusini ilionewa na utumwa ulikuwa wa upole.

Anayeniambia sanamu hizi ziliheshimu ushujaa vitani tu, huwa namtajia James Longstreet. Alikuwa msaidizi mkuu wa Lee, jenerali hodari kuliko wengi waliopewa shaba. Lakini baada ya vita alikubali matokeo, akajiunga na chama cha Lincoln, rais wa upande wa Kaskazini wakati wa vita, na mwaka 1874 kule New Orleans akaongoza kikosi chenye askari weusi dhidi ya wazungu waliotaka kuipindua serikali ya jimbo. Miaka mia nzima na zaidi hakujengewa kitu cha maana. Sanamu yake pale Gettysburg, kwenye uwanja wa mapigano ya vita ile, imewekwa 1998. Ushujaa wa Longstreet haukupungua. Kilichomwondoa kwenye orodha ni kusimama upande mmoja na watu weusi waliokuwa na bunduki na kura.

Hata Lee mwenyewe hakuyataka haya. Mwaka 1869 alipoalikwa kwenda kuweka alama za kumbukumbu Gettysburg, alikataa, akaandika kwamba ni busara kutoviacha wazi vidonda vya vita na kufuata mfano wa mataifa yaliyofuta alama za ugomvi wa ndani. Waliomsimamisha juu ya jiwe walikuwa na shughuli yao wenyewe.

Majina ya shule yana wimbi lake la pili. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Virginia ikagoma. Kaunti ya Prince Edward iliona bora ifunge shule zake zote za umma, na zikabaki zimefungwa kuanzia 1959 hadi 1964. Mwaka huo huo wa 1959, katika Kaunti ya Shenandoah, ilifunguliwa sekondari ya wazungu watupu ikapewa jina la Stonewall Jackson. Jenerali huyo alikuwa amekufa miaka 96 kabla. Kufunguliwa shule kwa jina lile, mwaka ule, kulikuwa jibu kwa Mahakama Kuu.

Hoja ya kwamba kuondoa sanamu ni kufuta historia naipa uzito, kwa sababu kazi yangu ni kutunza kumbukumbu na naogopa kweli kupoteza vitu. Ndiyo maana ningependa uione sanamu ya Jefferson Davis kama nilivyoiona katika jumba la makumbusho la Valentine. Waandamanaji waliiangusha Juni 2020. Ilikuwa imelazwa chali, imebonyea, rangi ya waridi imeikaukia mwilini, mkono ule uliokuwa ukinyooshwa kwa hotuba ukielekea dari. Aliyeichonga ni Edward Valentine, wa familia ile ile iliyoanzisha makumbusho hayo, na sasa jumba lenyewe linawaeleza wageni jinsi mchongaji wao alivyosaidia kuijenga hadithi ya uongo. Nilikaa mbele yake karibu saa nzima. Nilipokuwa nikipita chini yake barabarani sikuwahi kuona zaidi ya koti na kidole. Pale sakafuni niliona historia yote, ya 1907 na ya 2020 kwa pamoja.

Na tusisahau kwamba hata kura iliporudi, uamuzi ulikuwa umefungiwa. Sheria ya Virginia yenye mizizi ya mwaka 1904 iliwazuia wakazi kuondoa kumbukumbu za vita katika maeneo yao wenyewe. Charlottesville walipoamua kuishusha sanamu yao ya Lee walikwama mahakamani, na Agosti 2017 wabaguzi wenye mienge wakamiminika mjini, mwanamke mmoja akauawa kwa kugongwa na gari. Bunge la jimbo lilibadilisha sheria 2020. Sanamu ile ikashushwa Julai 2021, na baadaye ikayeyushwa.

Ya Richmond ilikuwa tarehe 8 Septemba 2021. Nilikuwepo. Kreni ilimnyanyua Lee na farasi wake kutoka kwenye jiwe, akaning'inia hewani kidogo, akashuka polepole huku watu wakishangilia na wengine wakilia. Kisha wakamkata kiunoni ili apite barabarani kwenye lori. Kampuni iliyofanya kazi hiyo ni ya mkandarasi mweusi. Wengine walioombwa kabla yake walikataa, naye alitishiwa maisha. Mitchell alikuwa ameyasema miaka 131 kabla.

Kuna jambo linaloupa mtihani ufunguo wangu, na si haki nilifiche. Shenandoah waliliondoa jina la Stonewall Jackson 2020, lakini Mei 2024 bodi ya shule ikapiga kura 5 kwa 1 kulirudisha. Safari hii hakuna aliyenyimwa kura. Naona wamekosea, na namfikiria mtoto mweusi anayevaa jezi yenye jina la mtu aliyepigana ili bibi wa bibi yake abaki mtumwa. Ila huo ni uamuzi wa watu wazima waliochaguliwa, wanaoweza kuhojiwa na kuondolewa kwenye uchaguzi ujao. Mwaka 1959 hakukuwa na nafasi hiyo.

Kambi za jeshi zinaniuma zaidi. Sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani, licha ya kura ya turufu ya Rais Trump, iliunda tume ya kuondoa majina ya Konfederasi, na kambi tisa zikabadilishwa majina 2023. Mwaka 2025 majina yote ya zamani yakarudishwa, kwa njia ya kutafuta askari wengine wenye majina yale yale. Fort Gordon sasa ni ya Gary Gordon, aliyekufa Mogadishu 1993. Fort Lee ni ya Fitz Lee, askari mweusi aliyepata nishani ya juu kabisa kwa vita vya Cuba. Ni mashujaa wa kweli, wanaostahili heshima yao wenyewe bila kufanywa pazia la mtu mwingine. Na Trump alipotangaza, jina alilolitamka ni Robert E. Lee.

Fort Lee kwa miaka miwili iliitwa Fort Gregg-Adams. Adams ni Charity Adams, aliyeongoza kikosi cha wanawake weusi kilichopanga barua za wanajeshi Ulaya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Gregg ni Arthur Gregg, aliyefika pale akiwa kijana na kukuta klabu ya maofisa hairuhusu weusi, akapanda hadi luteni jenerali. Sherehe ya Aprili 2023 alihudhuria mwenyewe, ana miaka 94, akaliona jina lake langoni. Alifariki Agosti 2024. Jina liliondolewa kabla ya kumaliza mwaka kaburini.