Je, wajua kwa nini kunyoosha misuli peke yake hakuponyi muundi wa mkimbiaji?

Yale maumivu ya upande wa ndani wa muundi, yanayokushika wiki chache tu baada ya kuanza kukimbia, mi miaka mingi niliamini ni misuli iliyokaza inavuta utando wa mfupa, kwa hiyo dawa ni kuinyoosha basi. Asubuhi na jioni naegemea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, navuta shavu la mguu mpaka linatetemeka, halafu natoka kukimbia na maumivu ni yaleyale. Wakimbiaji wengi bado wanaambiana hivyo, na si uongo mtupu, maana wapo wataalamu wanaoona huo mvuto una mchango wake. Ila siku hizi macho yamehamia zaidi kwenye mfupa wenyewe.

Kila ukikanyaga, muundi unapinda kidogo sana, na ukizidiwa na mzigo unaanza kujikarabati, kama barabara. Seli za kwanza zinachimba sehemu iliyochoka, kazi ya wiki chache, za pili zinakuja kujaza nyuma yao, taratibu, kwa miezi. Hapo katikati barabara ina mashimo, ni dhaifu kuliko kabla mafundi hawajafika, na wewe ndo kwanza unaongeza kilomita! Mfupa unadhoofika kwanza ndo uje uwe imara, hiyo mpaka leo inanishangaza.

Sasa kunyoosha hakuzibi shimo, kunalegeza tu shavu la mguu, na kama unajisikia nafuu endelea. Soli za kuweka ndani ya raba nazo zimepimwa sana kwa makuruta wa jeshi, baadhi ya tafiti zikaona zinakinga kiasi, nyingine hazikuona tofauti, na kwa aliyekwisha kuumia ushahidi ni mwembamba zaidi. Zikikukaa vizuri vaa, ila usizitegemee zenyewe tu.

Kinachosaidia hasa ni kupunguza mbio, uendeshe baiskeli au uogelee kwa muda, uimarishe mashavu ya miguu kwa kunyanyua visigino, halafu urudi kidogokidogo.

Na pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa muundi. Maumivu yakitandaa sentimita 5 au zaidi, mara nyingi ndo haya. Yakiwa kwenye nukta moja, tena yanauma hata umelala, acha kukimbia umwone daktari, huenda mfupa umepata ufa, na eksirei ya mapema inaweza isiuonyeshe.